Ngazi ya Ijumaa

Machi 3, Jumanne

Mvua imeanza. Paa la karakana linavuja palepale lilipovujia mwaka jana, juu ya mashine ya kukatia alumini, na ndoo ileile imewekwa chini. Mwaka jana mume wangu aliahidi kulipanda na kuliziba mvua ikikatika. Mvua ilikatika, akaugua. Tulimzika Desemba, na sasa kila kinapovuja kitu naitwa mimi.

Watu wananiambia nimejikaza. Sijajikaza. Kujikaza ni pale kitu kinapokuvuta nawe ukashikilia. Mimi hakuna kinachonivuta. Nimekuwa na ganzi kama mguu uliokaliwa, ila ni mwili mzima, na nimeanza kuandika haya ili nione kama siku zinatofautiana.

Machi 4

Hazitofautiani.

Machi 6, Ijumaa

Leo nimepanda.

Sisi tunatengeneza ngazi. Kampuni tuliianzisha watu watatu: mume wangu, mdogo wake ambaye ni shemeji yangu, na mimi. Shemeji alileta maneno, mimi nilileta mpango wa ofisi, mume wangu alileta Ijumaa. Alikuwa fundi wa mapaa kabla ya hapo, na alikuwa akisema kwamba mtu anayeuza ngazi asiyoipanda ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi wake. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ngazi za wiki hazijapakiwa kwenye gari, moja huchaguliwa na mwenye kampuni huipanda mwenyewe mbele ya wote. Anakanyaga kila kidato kwa nguvu, mara mbili, mpaka juu. Ikishika, zote zinatoka. Ikilia, hakuna inayotoka.

Anayechagua ni yule aliyechelewa kazini zaidi wiki hiyo. Anafumba macho, anaenda kwenye rundo akipapasa, na wenzake wanamzomea njia nzima. Mume wangu alisema mchelewaji hana urafiki na mtu, kwa hiyo hawezi kupendelea. Ilikuwa ndiyo saa ya kucheka kuliko zote katika wiki.

Tangu msiba hakuna anayezomea. Msimamizi wa karakana, ambaye kila mtu anamwita Kipimo kwa sababu futi yake ya kupimia haitoki shingoni (hata makaburini alikuja nayo), hunikuta ofisini na kuniambia, "Mama, iko tayari." Natoka, nakuta ngazi imeshasimamishwa. Napanda, nakanyaga, nashuka. Wanapiga makofi kidogo, kama watu walio kanisani wasiojua kama inaruhusiwa.

Mume wangu alikuwa mwoga wa kupanda. Watu hawakujua hilo. Alikuwa akinong'ona maneno mpaka juu na kushuka na jasho. Mimi leo nilipofika kileleni niliangalia chini, nikawaza kama nyumbani vitunguu vipo.

Machi 9

Shemeji kaingia ofisini na mvua yake yote begani, hakukaa.

"Shemeji, wamekubali kuja."

"Akina nani?"

"Wawekezaji! Yule mama niliyekuambia, na wenzake. Wanakuja tarehe kumi mwezi ujao. Tena Ijumaa, wenyewe wamechagua Ijumaa."

Nikasema vizuri. Akanikabidhi kijitabu alichochapisha cha kuwapelekea. Jalada lake ni picha ya mume wangu juu ya ngazi, mkono mmoja hewani, anacheka. Chini yake kumeandikwa: Kwetu, mwenyewe hupanda. Nilikumbuka siku ya picha hiyo. Alikuwa hacheki, alikuwa anamwambia mpiga picha afanye haraka.

"Umefurahi lakini?" akaniuliza.

"Nimefurahi."

"Basi uso wako bado haujaambiwa," akasema, nami nikatabasamu kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kutabasamu.

Anachosema ni kweli. Mashine zimechoka, na bila mtaji mpya, katikati ya mwaka tutaachisha kazi nusu ya watu. Hakuna benki inayotutaka. Hawa wanatutaka kwa sababu moja: walisikia habari za Ijumaa. Wamesikia kwa wanunuzi, kwa mafundi, kwa watu wasiotujua. Mume wangu hakuwahi kutoa tangazo hata moja. Chema chajiuza, alikuwa akisema, na shemeji alikuwa akimjibu kwamba chema kinaweza pia kusaidiwa kidogo.

Machi 13

Nimepanda. Mvua.

Machi 14

Binti yangu ana miaka kumi na mitano na maswali ya mtu mzima. Wakati tunaosha vyombo kaniuliza, "Mama, ukiwa juu kule unawaza nini?"

"Vitunguu," nikamwambia.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaweka kitambaa mezani, akaenda chumbani kwake. Niliosha vyombo vilivyobaki.

Machi 18

Shemeji kapita kuniambia, kwa mdomo tu, kwamba yule mzee tuliyekuwa tukinunua ribiti kwake alifunga duka mwishoni mwa mwaka, na kwamba tangu Januari tunatumia za muuzaji mwingine. Ribiti ni vile visumari vifupi vinavyoshika kidato kwenye nguzo za ngazi. Ni vitu vidogo, lakini bila hivyo ngazi ni mafimbo tu.

"Ni nzuri?" nikauliza.

"Zinafanana. Na kama ni mbovu, Ijumaa ingeshatuambia, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Machi 20, Ijumaa

Uwanja wote ni tope. Viatu vyangu vililowa asubuhi, kwa hiyo nimevaa buti za mume wangu zilizokuwa nyuma ya mlango. Ya kulia ina pengo kisiginoni, alikanyaga chuma cha moto zamani. Miguu yangu inaelea ndani yake.

Nilidhani kuzivaa kutanifanyia kitu. Nilipanda, nikakanyaga, nikaacha tope kwenye kila kidato, nikashuka. Kipimo alisema, "Mama, polepole." Nilimjibu kwamba nimekwenda polepole.

Machi 24

Yule mama mwekezaji amenipigia simu mwenyewe. Sauti yake ni ya mtu asiyependa kurudia.

"Nina swali moja tu, mengine nitamuuliza shemeji yako. Tangu mumeo afariki, nani anapanda?"

"Mimi."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Ngazi yoyote?"

"Yoyote."

"Basi nitakuja," akasema. "Sikuwa na uhakika kama nitakuja."

Machi 27, Ijumaa

Leo kulikuwa kukavu. Nilivaa viatu vyangu.

Kipimo aliniita, nikatoka, nikakuta ngazi imesimama kama kawaida. Nikapanda nikikanyaga. Vidato vya chini vilikuwa safi, vinang'aa. Nilipofika kidato cha pili kutoka juu, nikaona tope. Lilikuwa limekauka, tope jekundu la Ijumaa iliyopita, na ndani yake kulikuwa na chapa ya buti ya kulia yenye pengo kisiginoni.

Nilisimama pale juu nikiitazama. Ngazi za Ijumaa iliyopita ziliondoka siku ileile. Niliona gari likitoka. Hii ilipaswa kuwa dukani, au ukutani kwa mtu.

Nikamaliza. Nikakanyaga vidato viwili vilivyobaki, mara mbilimbili, nikashuka, wakapiga makofi yao. Nikangoja wote wanawe na kuondoka, ndipo nikamwita Kipimo.

"Hii ngazi ni ya lini?"

Akashika futi yake shingoni kwa mikono miwili. "Ya wiki hii, Mama."

"Kuna chapa ya buti yangu kule juu."

Alipandisha macho. Nadhani walikuwa wakiifuta kila wiki kwa kusimama chini, mpaka mkono unapofika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kufika juu isipokuwa mimi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ni hiihii," akasema. "Tangu msiba. Ni hii moja."

Akanionyesha. Kila kidato kimefungwa ribiti mara mbili ya zinazotakiwa, tena zile za zamani, na ndani ya kila nguzo wamepitisha bomba jingine. Ngazi hiyo inaweza kubeba ng'ombe. Huificha nyuma ya stoo, chini ya turubai, na huitoa Ijumaa.

"Nani aliwaambia mfanye hivi?"

"Hakuna aliyetuambia." Alivuta pumzi. "Ile Ijumaa ya kwanza baada ya kumzika Mzee, mchelewaji nilikuwa mimi, kwa ajili ya mambo ya msiba. Nikafumba macho. Nikanyoosha mkono. Mkono ukakataa, Mama. Nikawaza, je, nikishika mbovu? Wewe ulikuwa unatembea kama mtu aliyelala. Hukuangalia hata unapoweka mguu. Tulishamzika mmoja. Nani angekuchagulia wewe ngazi?"

"Kwa hiyo zote zilizotoka tangu msiba hakuna aliyezipanda."

"Tumezitengeneza kwa uangalifu. Tumeongeza uangalifu kuliko wakati wa Mzee, haki ya Mungu."

"Umepanda hata moja?"

Akatikisa kichwa. Shemeji alinunua ribiti bila wasiwasi kwa sababu Ijumaa ingesema. Kipimo alizifunga bila wasiwasi kwa sababu shemeji hawezi kununua kitu kibovu. Na mimi nilipanda bila wasiwasi kwa sababu sina wasiwasi wowote tena. Kila mmoja wetu aliegemea mwenzake, na katikati hapakuwa na mtu.

Nilimwambia aende nyumbani. Nilirudi, nikala, nikalala vizuri. Naandika asubuhi yake kwamba nililala vizuri kwa sababu ni kweli.

Machi 28

Nitamwambia shemeji Jumatatu.

Machi 30

Shemeji yuko kwenye mikutano. Kesho.

Machi 31

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amepiga simu mchana. Mpaka rangi mmoja alinunua ngazi yetu kwake Februari. Jana kidato kimechomoka chini ya mguu wake. Nyonga imevunjika.

Aprili 1

Nimekwenda hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Mpaka rangi ni mtu mwembamba, bado ana rangi nyeupe kwenye nyusi. Alikuwa ameshapewa dawa na alikuwa na maneno mepesi.

"Nilibakiza ukuta mmoja tu," akaniambia. "Mmoja! Yule mwenye nyumba atasema nimefanya makusudi ili nisiumalize."

Mkewe alikuwa amekaa upande wa pili akimpakata mtoto. Nilipojitambulisha alinipisha kiti chake. Nilikataa, akasisitiza, nikakaa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka zaidi, kwamba alinipisha kiti.

"Ni mimi niliyemwambia anunue kwenu," akasema. "Zilikuwepo za bei ya chini. Nikamwambia, nunua za yule bwana anayepanda mwenyewe."

"Amefariki," nikasema.

"Tulisikia. Pole sana. Na sasa tunasikia unapanda wewe."

"Ndiyo."

"Hujaanguka?"

"Hapana."

"Mungu mkubwa," akasema, na hakuwa na kejeli hata chembe. Alishukuru kweli.

Niliwaambia kampuni itagharamia matibabu yote na siku ambazo hafanyi kazi. Wakashukuru tena. Nikatoka nje, mvua ikanyesha, nikasimama ndani yake mpaka mlinzi akaniambia niingie kibandani. Nilijaribu kulia pale kibandani, mlinzi akiangalia pembeni kwa heshima. Haikuja.

Aprili 2

Nimemwambia shemeji yote. Ngazi ya turubai, ribiti, mpaka rangi.

Alikuwa amesimama. Alikaa. Kwa muda alikuwa mdogo kabisa, kama nilivyomwona mara ya kwanza nilipoolewa, kijana aliyekuwa akivaa mashati ya kaka yake.

"Ribiti nilizinunua mimi," akasema.

"Najua."

"Sikujua, shemeji. Naapa."

"Najua kwamba hukujua."

Akainuka, akaenda dirishani, na aliporudi alikuwa mtu mwingine, yule wa mikutano. "Wanakuja Ijumaa ijayo. Ni wiki moja tu. Tusimamishe mauzo leo, sawa. Yule bwana tumtibu, sawa. Lakini tunyamaze mpaka watie saini, halafu tuzikusanye zote kimyakimya. Tukiwa na mtaji tutaweza kuzikusanya. Bila mtaji tutazikusanya na nini? Na mikono?"

"Na kama mwingine ataanguka ndani ya wiki hiyo?"

"Na kama tukifunga, watu wetu watakula nini?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Sikiliza. Hawa hawawekezi kwenye alumini. Alumini iko kila mahali. Wanawekeza kwa kaka. Jina lake ndilo kitu pekee tulicho nacho ambacho mtu mwingine hana. Ukienda kuwaambia kwamba tangu amekufa tumekuwa tukiigiza, utamzika mara ya pili."

Mume wangu angejibu. Angesema mficha maradhi kifo humuumbua, halafu wangegombana mpaka jioni, kisha wangekula pamoja. Mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka aache kuongea.

Nikasema sawa.

Aprili 3, Ijumaa

Hakuna kilichotoka. Kipimo aliitoa ile ngazi uwanjani kwa mazoea, akaiegesha, akaniangalia. Nilimwambia airudishe. Watu walisimama kidogo bila la kufanya, kisha wakaanza kufagia mahali palipofagiwa.

Aprili 5

Mvua. Binti ana mafua.

Aprili 6

Simu ikilia naiangalia kwanza. Nikiona ni mwenye duka naiacha ilie mara tatu, halafu napokea. Alikuwa anauliza tu kama tuna risiti mpya.

Aprili 8

Shemeji amepanga Ijumaa yote, nani atasimama wapi. Mwishoni akasema, bila kunitazama, "Na ile ngazi ya Kipimo ndiyo utakayopanda. Ni onyesho tu, shemeji. Kila kampuni ina onyesho."

Nikasema sawa. Nimesema sawa msimu huu mara nyingi kuliko mvua ilivyonyesha.

Aprili 9

Nilipiga simu hospitali. Atatembea, lakini kupanda tena hawajui.

Aprili 10, Ijumaa

Wamekuja watatu, wanaume wawili wa suti na yule mama. Nilimtarajia awe mrefu, kwa sauti yake. Ni mfupi, ana miwani anayoivua akitaka kuona kitu vizuri, na alikuwa amevaa buti za mvua na sketi nzuri. Aliigusa ndoo chini ya paa kwa ncha ya buti. Aliwasalimu wafanyakazi wote, mmojammoja, kwa mkono. Shemeji alizungumza vizuri sana. Kijitabu kilikuwa mikononi mwa kila mtu, mume wangu akicheka mikononi mwa kila mtu.

Jioni ikafika. Kipimo alikuwa ameshaisimamisha ile ngazi katikati ya uwanja. Nikavua sweta. Nilikuwa nimeshashika nguzo wakati yule mama aliposema, "Samahani. Hii imechaguliwa na nani?"

"Msimamizi wetu," shemeji akajibu.

"Mimi nilisikia huchagua aliyechelewa. Akiwa amefumba macho."

Halafu mtu mmoja kule nyuma akacheka, na mwingine, na mara karakana nzima ikawa inacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka jana. Hawakuweza kujizuia, maana wote walijua mchelewaji wa wiki hii ni nani. Wiki nzima shemeji alikuwa akikimbizana na vijitabu na viti vya kukodi, na hakuna siku aliyofika kabla ya saa nne.

"Bosi!" wakamzomea. "Bosi, fumba macho!"

Yule mama alikuwa akitabasamu. Wale wa suti nao wakatabasamu. Shemeji aliniangalia, na mimi nikamwangalia, na hakukuwa na mlango wa kutokea. Akafumba macho.

Rundo la ngazi tulizozizuia lilikuwa ukutani. Alikwenda akipapasa, nao wanamzomea kulia, kushoto, utaanguka bosi. Alipolifikia akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Kipimo aliinamisha kichwa. Zomeazomea ikapungua, ikaisha. Mkono ule ulikaa hewani muda mrefu, kisha ukashuka juu ya ngazi ya tatu, kwa sababu watu walikuwa wakingoja na lazima ushuke mahali.

Wakaisimamisha. Shemeji aliifuata, akashika nguzo zake zote mbili kwa chini, kazi ambayo si yake. "Shemeji," akaninong'oneza.

Nikapanda. Kidato cha kwanza, mara mbili. Cha pili, mara mbili. Cha tatu, cha nne. Kwenye cha tano nilikanyaga mara moja, na kikalia. Mlio mdogo, na nikakisikia kikizunguka chini ya soli, kidogo tu, upande wa kushoto.

Kisha nikaogopa.

Ilianzia magotini. Magoti yalianza kucheza peke yake, nikayatazama kama ya mtu mwingine, halafu ikapanda tumboni na ikafika kifuani ikawa yangu. Niliona jinsi ardhi ilivyo ngumu. Nilimwona binti yangu akiitwa kutoka darasani na mwalimu aliyeshusha sauti. Niliona nyusi zenye rangi nyeupe. Mikono ikakumbatia nguzo, na nilikuwa nahema kwa sauti, mbele ya wawekezaji, mbele ya kila mtu. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua kwamba nilikuwa nataka kuishi, na nilishangaa sana.

Nikashuka. Kidato kwa kidato, nikitafuta kila kimoja kwa ncha ya kiatu.

"Sipandi," nikasema. "Naogopa. Hizi zitaua mtu."

Hapo nikawaambia. Sikuwa nimepanga maneno, yalitoka ovyo, ya mbele nyuma. Nilimwambia yule mama kwamba kwenye simu nilimdanganya bila kujua, na kwamba baadaye nilijua na nikakubali kumdanganya tena. Nilimwonyesha ngazi ya katikati na yaliyo ndani yake. Nilimwambia kuhusu hospitali. Kipimo akataka kusema kosa ni lake, nikamwambia anyamaze, akasema hata hivyo.

Yule mama alivua miwani. "Ziko nje za namna hii?"

"Zote za tangu Januari."

"Mlijua lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na leo mlitaka kupanda ile." Akaielekeza kidole ile ngazi yetu nzito.

"Ndiyo."

Alivaa miwani. Alitushukuru kwa kumpokea, alimpa kila mfanyakazi mkono tena, na wakaondoka. Shemeji hakuwasindikiza. Alikuwa bado ameshika nguzo za ngazi ambayo haikuwa na mtu.

Aprili 14, Jumanne

Wamejibu. Hawataweka fedha. Barua ni fupi na ya adabu: jina la kampuni lilijengwa juu ya jambo moja, na jambo hilo kwa sasa hawawezi kuwathibitishia watu waliowakabidhi fedha zao. Mimi mwenyewe nisingeiandika tofauti. Shemeji aliisoma mara mbili, akaikunja, akaingia karakana kuwaambia watu, yeye mwenyewe, bila kunituma mimi. Nusu wataondoka mwezi ujao badala ya katikati ya mwaka. Kipimo alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mmoja akamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo kama koleo si wewe. Hakuna aliyecheka sana.

Aprili 15

Shemeji amechukua gari alfajiri kwenda kuzikusanya. Duka kwa duka, nyumba kwa nyumba. Alirudi jioni na ngazi nyingi, na macho mekundu. Mwanamke mmoja alimfukuza na ndoo ya maji machafu. "Alinilenga vizuri," akasema, akikamua shati. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu Desemba.

Aprili 17, Ijumaa

Tangu siku ile naogopa kila kitu. Naogopa simu. Naogopa ngazi za nyumba ya jirani. Naogopa kuwatazama wale watakaoondoka, ambao wananisalimia kama zamani. Naogopa kwamba zimebaki nje ngazi ambazo hatujazipata na mtu anaipanda moja sasa hivi kubadilisha balbu.

Leo binti yangu alichelewa kurudi kutoka shuleni kwa sababu ya mvua. Nilisimama mlangoni mpaka alipotokea, amelowa chapachapa, nikamvuta ndani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mikono yako inatetemeka."

"Naogopa," nikamwambia.

"Unaogopa nini?"

Nikamtajia. Kazi, simu, yule bwana wa hospitalini, yeye akivuka barabara. Nikaendelea kutaja, kwa sababu nilikuwa nimeanza na sikujua pa kusimama, na mwisho nikasema, "Na baba yako amekufa." Maneno hayo niliyasema kwa watu wengi tangu Desemba, kwa mwenye duka, kwa mke wa mpaka rangi, kwa benki. Kwake sikuwahi.

Alinitazama na maji yakimdondoka kutoka kwenye nywele. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka mitatu, na nilipomshika na mimi nikaanza.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe uanze."